Jambo la Nane kwa Anayeanza

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umezama hadi kwenye kiwiko ndani ya shimo la shamba la Mama Hedwiga, na kitu fulani humo ndani kilikuwa kinaulamba.

Sikutaka kukijua. Niliomba kiwe jani. Shimo lilikuwa na magugu ya majuma matatu yaliyogeuka uji mweusi, na uji wenyewe ulikuwa na uvuguvugu, kama tumbo la mnyama aliyechinjwa sasa hivi. Povu moja likapanda taratibu, likapasuka mbele ya pua yangu, likanipulizia harufu ambayo nikiieleza sawasawa hutakula leo. Kisahani cha kurusha nilichokifuata, cha rangi ya chungwa, kilikuwa chini kabisa. Nilipokitoa kilitoka na chura juu yake, amekaa kama abiria aliyelipa nauli.

Wanachuo wanne waliokuja siku ile kujifunza mchezo walikuwa ukingoni, wameshika mbavu. Mmoja akaniuliza kama hiyo nayo ni mbinu au ni adhabu.

Mama Hedwiga alikuwa juu yetu kidogo, amejipinda na jembe lake. Hata mgongo hakuunyoosha. "Usipa," aliniambia, "chura huyo mrudishe. Nimemlea mwenyewe."

Nikamrudisha. Nilipogeuka niondoke, mguu wa kushoto ukateleza, ukaingia shimo la jirani hadi kwenye goti. Walicheka mpaka ukungu ukasogea. Mimi sikucheka. Niliapa pale pale, nikinuka kama mfereji wa machinjio, kwamba mtu yeyote atakayejifunza gofu ya visahani kwangu hatakanyaga mashimo yale. Kiapo nilikitimiza. Ndiyo habari yenyewe.

Ilikuwa Machi mwaka juzi, Maguu, huko juu ambako jua huja kama mgeni asiyetaka kukaa. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na cheti cha kidato cha nne chenye herufi ambazo mama yangu, Asteria, aliziita "za pembeni". Mama anaanika usipa ufukweni Mbaha tangu kabla sijazaliwa. Harufu ile ya dagaa wa ziwani haitoki kwa sabuni wala kwa sala za Kianglikana, na watu wa Maguu walinijua kwa pua kabla hawajanijua kwa macho. Mimi nami niliwachukia kwa pua. Maganda ya kahawa yaliyorundikwa nyuma ya kila mashine ya kukobolea yalikuwa yakichacha na kutoa maji mekundu, na nzi wake walikuwa wadogo, wengi, na hawakuwa na haya. Walikaa mdomoni hata ukiwa unaongea.

Aliyenipandisha huko alikuwa Mzee Nazari. Alifanya kazi Dar es Salaam hadi akastaafu, akarudi kwao na vitu viwili: kitambi, na sanduku la visahani vya plastiki. Mchezo wenyewe ni gofu, ila hapana fimbo wala mpira. Unasimama mahali palipowekwa alama, unarusha kisahani, unakifuata, unarusha tena, mpaka kikapige minyororo na kuangukia kwenye kikapu cha chuma kilichosimama juu ya nguzo. Aliyerusha mara chache ndiye mshindi. Nazari alimpa fundi wa kuchomelea pale Mbinga mjini minyororo ya baiskeli zilizokufa, akatengenezewa vikapu sita, akavisimamisha kwenye mbavu za mlima wake. Wageni wanaokuja kutazama kahawa, wanachuo, vijana wa kwaya, wote walikuja kurusha. Alitaka vikapu tisa. Kiwanja kamili, alisema, kina tisa. Lakini mlima wake uliishia kwenye shamba la Mama Hedwiga.

Mimi alinichukua kwa sababu nilijua kurusha. Utotoni tulirusha mifuniko ya ndoo kwenye mchanga mpaka jua likazama. Nadhani alinichukua pia kwa sababu sikuwa na shangazi hata mmoja mlima mzima.

Sasa utani. Watu wa juu na watu wa ziwani wanataniana tangu babu zetu walipokuwa wakibadilishana samaki kwa maharage. Wao wanatuita usipa. Sisi tunawauliza kama ni kweli wakifa hawachimbiwi kaburi, wanachaguliwa tu shimo shambani. Sheria ni moja: ukitaniwa ukakasirika, kosa ni lako. Mama Hedwiga nilimwita mke wangu kuanzia siku ya pili. Alikuwa na miaka sitini na kitu, mkavu, mwepesi, na pengo mbele. Alinijibu kwamba mahari anayotaka ni mimi kuoga, nioge mpaka nitakate, ndipo tutaongea.

Alikuwa mjane wa Joakim, mdogo wake Nazari. Binti zake wawili wameolewa Litumbandyosi. Joakim alipofariki, wazee wa ukoo walikaa wakasema mteremko ule, pamoja na nyumba iliyo juu yake, utabaki kwa Hedwiga maadamu ngoro zake, yale mashimo na matuta yake, ni nzima. Siku zikifa, ardhi inarudi kwa ukoo. Ukoo maana yake Nazari. Alinisimulia mwenyewe, akitupa magugu shimoni, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za hali ya hewa. Nilimuuliza basi ataenda wapi. Alisema kwa mkwe. Alilitema neno lile kama punje ya mchanga. Mama mzima, alisema, kuamka nyumbani kwa mkwe, kusubiri mkwe atoke ndipo na wewe utoke, na kuomba chumvi.

Ngoro ukiziona kwa mbali ni kama wavu ulioanikwa mlimani. Kila tundu la wavu ni shimo, kila uzi ni tuta, na maharage yanaota juu ya nyuzi. Nilizitazama hivyo kila asubuhi, kwa macho ya mtoto wa mvuvi, nikadhani nimezielewa.

Nazari alitaka kibao cha kuwaelekeza wanaoanza. Nilichukua ubao uliobaki kwenye paa lake na rangi nyeupe, nikaandika yale niliyokuwa nikiwaambia wageni kila siku. Anza na kisahani kimoja, chepesi. Mwenye visahani vitano siku ya kwanza ni mwenye duka. Kishike kama mfuniko wa sufuria ya moto, gumba juu, vidole vingine chini. Nguvu haitoki mkononi, inatoka kiunoni. Kirushe kikiwa kimelala, maana ukikiinua pua upepo unakichukua na haukirudishi. Usilenge kikapu cha mbali, lenga mahali utakaposimama kurusha tena. Aliye mbali zaidi na kikapu ndiye anayetangulia. Usirushe kabla hujaona mbele yako yuko nani.

Hayo yalikuwa saba, na yote ni ya kweli hata leo. Kisha nikakumbuka yule chura. Uji mweusi ulikuwa bado uko chini ya kucha zangu. Nikaandika la nane, kwa herufi kubwa kuliko zote: KISAHANI KIKIANGUKA SHAMBANI, PITA JUU YA TUTA. USIKANYAGE SHIMO.

Mzee Nazari alikuja kukikagua. Alisoma akiwa ameweka mikono mgongoni, midomo ikichezacheza. Alipofika la nane alisimama. Alilisoma mara ya pili. Akatazama shamba la shemeji yake, akanitazama mimi, akanigonga begani.

"Hilo la mwisho ni zuri sana," alisema. "Watu wa ziwani mna akili."

Nilifurahi. Siku hiyo nilikula sahani mbili.

Kwa mtu wa ziwani, lile ni jambo la akili kweli. Shimo ni chafu, tuta ni kavu. Tuta limenyooka, lina upana wa mguu, linapanda mlima kama ngazi. Nani asiyeona kuwa ni njia? Na kikapu cha tano kilikuwa pembezoni kabisa mwa shamba. Upepo wa bondeni ulivikamata visahani vya wanaoanza, ukavipeleka kwenye maharage kama mchungaji anayejua zizi lake. Kila Jumamosi na kila Jumapili watu kumi, kumi na watano, walipanda juu ya nyuzi za ule wavu na viatu vyao vya mjini, wakishikana mikono, wakipiga picha.

Juma la pili Mama Hedwiga alishuka hadi kwenye kikapu cha tano, jembe begani. Aliwaambia wageni wapite shimoni, kwamba shimoni ndiko kwa miguu. Walimtazama, wakatazama ule uji unaochemka mapovu, wakanitazama mimi.

"Usipa, waambie wapite shimoni."

Nilimwambia mke wangu asiwe na wivu, hata wakinuka kama mimi sitamwacha kwa ajili yao. Wageni wakacheka. Naye akacheka, nusu, upande wa pengo.

"Sitanii," alisema.

Sasa nikuulize wewe uliyezaliwa kwenye utani: umewahi kumsikia mtani akiangusha ule mkubwa kabisa bila kutanguliza "sitanii"? Niliona mtego. Niliona viatu vyeupe vya wageni vikiingia kwenye shimo, na yeye amekaa jikoni kwake akicheka hadi usiku. Nikamwambia hata mimi sitanii, mahari nimeoga jana. Kisha akapanda kurudi kwake, na nakumbuka sasa, kwa sababu sasa nakumbuka kila kitu, kwamba alipita mashimoni, mguu hapa mguu pale, uji ukimfika kwenye vifundo, na juu ya tuta hakuweka hata kidole.

Juma lililofuata Pasaka mvua ilinyesha siku mbili bila kupumzika. Asubuhi ya tatu nilienda kutazama vikapu.

Vikapu vilikuwa salama. Shamba la Mama Hedwiga lilikuwa limepasuka kuanzia juu hadi chini. Ndipo nilipoelewa tuta ni nini: ni nyasi zilizolazwa na kufunikwa udongo, ukuta mwembamba unaoshikilia maji ya shimo moja yasiliangukie jingine. Ukuta wa juu ulioshindiliwa na viatu ulikuwa umenywea. Shimo lake likamwaga kwenye la chini yake, la chini likamwaga kwenye la chini zaidi, hadi mtoni. Uji wote ule mweusi, wa miaka yote, ulikuwa umetapikwa mlimani. Maharage yalilala humo mizizi juu, myeupe, imekunjamana kama vidole vya mtu aliyekaa sana majini. Mainzi yalikuwa yameshafika. Juu ya kipande cha tuta kilichobaki kulikuwa na alama ya soli ya kiatu, imechapwa vizuri, na nyota katikati.

Nilitapika. Ningependa kusema ni kwa uchungu. Ilikuwa ni harufu.

Kisha nikaenda kwenye kibao, nikachukua kisu, nikalikwangua jambo la nane. Sikumwuliza mtu. Rangi ilitoka kwa vipande vidogo, ikaingia chini ya kucha zile zile. Nikapaka tope ubao ukafanana.

Wazee wa ukoo walikaa Jumapili baada ya misa, kwenye baraza la ghala la kahawa. Watu wengi walikuja, hata wasiohusika, maana aibu ya mtu ni sinema ya bure. Aliyeongoza kikao alikuwa Mzee Mansuetus, baba mkubwa wa wote, mwenye macho yenye utando na sikio zima moja. Mama Hedwiga aliulizwa. Alisema matuta yake yamekanyagwa. Nazari alijibu kwa upole unaoteleza kama sabuni: wachezaji wake wana njia yao na kibao chao, wazee wanaweza kwenda kukisoma. Shemeji amechoka, alisema. Kuchoka si dhambi. Mwanamke mmoja, mteremko wote ule.

Mzee Mansuetus akaligeuza sikio lake zima upande wangu. "Kijana. Wewe ndiwe unayewafundisha. Wanapita wapi?"

Lilikuwa jibu moja tu. Wanapita juu ya tuta, mimi ndiye niliyewaambia. Nililiona kwenye ulimi, lote, limekaa. Nikaliona na jingine: kitanda changu kwa Nazari, sahani mbili, na basi la kunirudisha ziwani kuanika usipa na mama huku wenzangu wakiniuliza nimeshindwa nini na baridi. Watu wote walikuwa wananitazama. Mama Hedwiga alikuwa amekaa chini, miguu imenyooshwa mbele, ananitazama kwa matumaini. Matumaini yale yalinitia hofu kuliko hasira. Na mtu wa utani akitishwa, mdomo wake unajua njia bila yeye.

"Mzee," nikasema, "kwetu kitu kikibomoka usiku tunamuuliza mamba. Huku hamna mamba. Basi muulizeni mke wangu mwenyewe, usiku huwa anamkimbiza nani juu ya matuta."

Baraza likalipuka. Wazee walicheka mpaka mate yakawatoka pembeni mwa midomo. Mmoja alikohoa, akatema kohozi zito sakafuni, akaendelea kucheka juu yake. Wanawake walijifunika vitenge. Nazari alipiga paja. Nzi wa maganda ya kahawa waliruka wakazunguka vichwani mwetu, na nilikuwa mfalme, nakuambia, kwa dakika nzima nilikuwa mfalme wa mavi.

Na yeye alicheka. Ilimbidi. Mjane, mbele ya wazee, ametaniwa na mtani wake: akikasirika, kosa lake. Alicheka hadi mabega yakatikisika, mkono kwenye pengo, na macho yake, ambayo hayakuijua sheria hiyo, hayakuondoka usoni kwangu.

Kicheko kilipokwisha hakuna aliyekumbuka swali. Wakaenda kwenye jambo lililofuata. Jioni ile ikatamkwa kwamba mteremko umerudi kwa ukoo, na Hedwiga atahama akishavuna kilichobaki.

Kwa siku tatu chakula chote kilikuwa na ladha ya lile shimo. Siku ya nne nilienda kwa Mzee Mansuetus. Nilimkuta anapukuchua mahindi na mkewe, Mama Tadea. Nilipiga shikamoo, nikakaa kwenye gogo, nikasema yote kwa mpangilio: chura, kiapo, jambo la nane, begani nilivyogongwa, onyo la mke wangu, soli yenye nyota, kisu.

Alianza kutabasamu kwenye chura. Nilipofika kwenye kisu alikuwa amelalia gunia, anafuta ule utando wa macho.

"Tadea," alisema, "umemsikia Usipa? Rudia, mwanangu. Rudia ile ya kukwangua."

Nikarudia. Nililia nikirudia, na kilio nacho kiliwachekesha. Nilimshika mkono, nikamwambia sitanii. Hapo ndipo Mama Tadea alipoangusha ungo. Mzee akanipa mahindi mawili ya kuchoma njiani, zawadi ya mchekeshaji, akanisindikiza hadi mlangoni. Alisema kibao amekwenda mwenyewe kukisoma, kina mambo saba, na yote ni mazuri.

Mwishoni mwa Mei Nazari alinituma kusimamisha nguzo ya kikapu cha saba. Mahali alipotaka ni katikati ya mteremko, palepale palipopasuka. Nilichimba peke yangu asubuhi nzima. Jembe lilipita kwenye tabaka la udongo, likapita kwenye tabaka la nyasi nyeusi, udongo tena, nyasi tena, msimu juu ya msimu, kama kurasa. Nilisubiri kinyaa kinishike. Udongo ule haukunuka kitu.

Nilisimamisha nguzo, nikaanza kurudishia udongo kwa mguu mmoja huku nimeikumbatia. Ikalala kushoto. Nikainyoosha, ikalala kulia. Minyororo ya baiskeli ilinipiga kichwani.

Sikumsikia akija. Niliona mikono miwili ikiishika nguzo juu ya yangu, mikavu, na tope la jana kwenye vifundo. Mzigo wake ulikuwa umeshafungwa. Niliuona juu kwenye baraza, godoro na masufuria, na pikipiki inasubiri.

Aliitazama nguzo kwa jicho moja, jingine amelifumba, kama anavyopima tuta.

"Inaegemea," alisema. "Ikilegea itashusha udongo wote wa chini."

"Mama," nilianza. Sikumwita mke wangu. "Mama Hedwiga, mimi ndiye—"

"Shindilia kwanza."

Nikashindilia. Yeye alishika, mimi nikapiga kwa mpini wa jembe, kuzunguka, tabaka kwa tabaka, na kila nilipotaka kuacha alinionyesha kwa kidevu mahali palipobaki. Aliitikisa mara moja. Ikagoma. Akajipangusa mikono kwenye kitenge, akapanda kwenda kwenye pikipiki yake.

Kiwanja kina vikapu tisa sasa. Vinane vimeshayumba, vimesimamishwa upya mara kadhaa. Cha saba hakijawahi.